Gari Lililokula Chumvi

Nililinunua kwa Wendell Kangas, mwezi wa Novemba,
kwa bei ya kutia shaka.
"Halina neno," alisema, akipapasa boneti
kama anayemsifia mteja ng'ombe aliyekauka maziwa.
Halina neno. Kweli, neno halikuwa nalo;
lilikuwa na hotuba nzima.

Maili hamsini kwa saa, kimya.
Hamsini na tano, usukani ukaanza kutetemeka,
kisha vidole, kisha viwiko,
kisha meno ya bandia ya mama mkwe wangu, Impi,
aliyeketi nyuma na keki mapajani.
"Aune," akaniuliza, "gari hili linaogopa nini?"

Huku Ontonagon theluji haingoji majani yamalize kuanguka.
Kata humwaga chumvi barabarani miezi sita,
usiku na mchana, bila kuonja,
kama mpishi aliyegombana na mumewe.
Mtu aliyekula chumvi nyingi hupewa kiti, husikilizwa.
Gari lililokula chumvi nyingi
hupewa nyundo.

Nikaliinua kwa jeki kwenye banda la kuni.
Nikavua tairi. Na tairi ukishalivua
huna budi kuyaona yaliyomo:
bushi zimepasuka kama visigino vya mkulima,
boljointi inacheza tunduni kama jino la mtoto wa darasa la kwanza,
shokapu imejililia mafuta mpaka miguuni,
na ncha ya tairodi, niliyoigusa kwa vidole viwili tu,
ikanipungia mkono.

Siku ya kwanza: boliti moja.
Siku ya pili: boliti ile ile.
Niliipaka mafuta, nikaingoja, nikaigonga,
nikaitukana kwa Kifini,
lugha niliyorithi matusi yake na sala zake tu.
Nikavika mpini wa spana bomba la chuma, nikaning'inia,
kilo sabini na nane za mwanamke anayepeleka barua mashambani.
Boliti ikanitazama.

Jumamosi Wendell akasimama mlangoni na mtungi wa gesi.
Hakusema samahani. Sikusema ulijua.
Akawasha moto, akauelekeza pale pale
mpaka mpira wa bushi ukachemka na kunuka,
moshi ukatambaa juu ya magogo,
na chuma kikawa chekundu, kisha rangi ya chungwa.
"Sasa," akasema.
Nikavuta.
Ulitoka mlio, mbwa akakimbilia kwa jirani.
Nilidhani nimevunja spana. Nilidhani nimevunja bega.
Boliti ilikuwa imezunguka robo.
Robo tu! Tukacheka kama wezi.

Akiwa chini ya gari, naona viatu vyake tu,
akasema, "Mwaka wa mwisho lilikuwa la kumpeleka Lorraine hospitali.
Kila shimo lilimuuma.
Nilienda naye maili ishirini kwa saa,
foleni ya watu nyuma yangu wakipiga honi.
Kwa mwendo ule, Aune, halikutetemeka hata siku moja."

Nikampa spana namba kumi na tisa.
Hakuwa ameiomba.

Shokapu mpya, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya arusi.
Bushi mpya. Tairodi imekaa kimya, ina adabu.
Magurudumu tuliyapima kwa uzi wa kuvulia samaki,
Impi ameshika ncha moja, anatukosoa.

Jioni tukatoka, sisi watatu, kuelekea ziwani.
Hamsini na tano. Sitini.
Niliachia usukani, nikahesabu mpaka saba,
na gari likashika mstari wake kama karani.
Kwenye shimo la darajani
Wendell alifumba macho.
Tulipita. Kitu kidogo tu, kama kumeza mate.
Hakufumbua upesi.

Halafu, nyuma, upande wa kushoto:
nga.
Nga-nga.
Impi akageuka kutazama. Wendell akakohoa.
"Halina neno," nikasema,
nikaongeza sauti ya redio.